Mkongojo wa Ta Eliasi

Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapungua ikawa manyunyu watu walipokuwa wanatoka kanisani, na sasa imerudi. Nimekaa barazani na kompyuta magotini, blanketi mabegani. Umeme upo, jambo la kushangaza.

Leo asubuhi nimelichafua jina langu mbele ya watu, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu. Kulijenga kulinichukua miaka arobaini. Kulichafua kumechukua muda mfupi kuliko tangazo la usafi wa kigango lililonitangulia.

Kwanza nieleze kuhusu ukurasa huu. Blogu alinifungulia binti yangu niliporudi kijijini kustaafu, akasema mwandishi asiye na gazeti ataanza kugombana na migomba. Kuna kurasa zilizo wazi, watu wanazisoma: kahawa, siasa za wilaya, ubovu wa barabara ya kwenda Kyerwa. Huu nimeufunga. Binti yangu ana maelekezo aufungue siku ambayo mimi na mtu mwingine mmoja tutakuwa tumekwisha kuzikwa. Kwa hiyo kama unausoma, sisi wawili hatupo, na ninachoandika hapa hakiwezi kumdhuru yeyote. Safari hii nimelifikiria hilo kabla ya kuandika.

Nianze na Alhamisi.

Klabu ya waandishi iliniandalia hafla ya kuniaga pale Omurushaka, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni nyuma ya maduka ya wanunuzi wa mazao. Nilistaafu miaka mitatu iliyopita, lakini sherehe zetu hazina haraka. Nikapewa cheti chenye fremu na saa ya ukutani ambayo inakimbia dakika kumi mbele. Kisha mwenyekiti wao akasimama kusimulia maisha yangu, na mimi nikakaa pale nikiyasikiliza kama ya mtu mwingine.

Alisimulia nilivyoanza kama mleta habari wa wilaya. Ni kweli. Nilikuwa naandika kwa mkono, kisha nasimama kwenye duka lenye simu hapo hapo Omurushaka, naisoma habari kwa sauti mpaka koo linawaka, na upande wa pili mchapaji aliyekaa Dar es Salaam ananiambia rudia, Songambele ndiyo nini, itaje herufi moja moja. Wateja waliokuja kununua chumvi walikuwa wanazijua habari za kesho kabla ya mkuu wa wilaya. Alisimulia Bukoba, Mwanza, na miaka yangu ya kuripoti bungeni. Alisimulia kampeni nilizozifuata juu ya malori ya mikutano, uchaguzi mmoja baada ya mwingine, na wagombea niliowaona wakifika wamevaa kandambili na kuondoka hawatusalimii. Watu walicheka mahali pa kucheka.

Halafu akafika kwenye lori. Siku zote wanafika kwenye lori.

Miaka ile Kyerwa haijawa wilaya, sote tulikuwa Karagwe. Kahawa ilikuwa inavushwa kwenda Uganda kwa magendo, kwa njia za pembeni mwa Murongo, na hapakuwa na mtu asiyejua. Ng'ambo bei ilikuwa nzuri na mnunuzi hakukwambia usubiri malipo hadi msimu ujao. Kulikuwa na mwanasiasa mmoja, mkubwa wa kutosha, ambaye kila akipanda jukwaani aliwalaani wavusha kahawa na kuwaita wasaliti wa nchi. Lori lililokuwa linaivusha lilikuwa lake. Mtu mmoja wa kijijini kwetu alinifuata akaniambia lori litapita siku gani na karatasi zake zina jina la nani. Alikuwa na sababu zake, na si zote zilikuwa nzuri. Nilimwapia kwamba sitamtaja maisha yangu yote. Nikaandika. Ilitoka ukurasa wa mbele, lori likakamatwa, na polisi wakaniweka ndani siku mbili wakitaka niseme nani aliniambia. Sikusema.

Hiyo ndiyo hadithi wanayoipenda. Mwandishi aliyelala mahabusu akakataa kumtaja mtu wake. Vijana wa klabu wanaisimuliana mpaka imeota mabawa. Alhamisi nilisikia kwamba nilikaa ndani wiki mbili na kupigwa maji ya baridi. Sikusahihisha.

Wasichokisimulia ni yaliyofuata. Mwanasiasa alisema dereva wake alimzunguka, akapewa cheo kingine, akaendelea kupanda. Kahawa iliyotaifishwa haikuwa yake, ilikuwa ya watu wa kijijini kwetu, mavuno yao ya mwaka mzima. Vijana wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia walifungwa. Mmoja alitoka gerezani anakohoa, na hakuchukua muda akafa.

Baada ya makofi ikafika zamu ya maswali. Binti mmoja wa redio, Editha, akanyanyua mkono. Ni mtaratibu, anaandika kila kitu kwenye daftari, mimi humpenda kwa hilo. Akauliza: "Mzee, katika miaka yote hiyo, umewahi kumponza mtu kwa kalamu yako?"

Nikasema, "Hapana."

Wakapiga makofi tena. Editha akaandika hapana kwenye daftari lake, akaweka na alama ya nukta, nilimwona.

Sasa niandike nilichokifanya, kwa sababu sijawahi kukiandika popote.

Kwenye kazi yetu kuna namna ya kumficha mtu. Jina lake huliandiki. Lakini habari isiyo na mtu ndani ni kavu, mhariri anairudisha anasema nipe mtu. Kwa hiyo unampa mtu, ila umembadilisha sura. Mwalimu unamfanya mkulima, kijana unamfanya mzee, wa bondeni unamhamishia mlimani. Tulifundishana hivyo, wakubwa kwa wadogo, tukaona ni ujanja. Hakuna aliyeuliza sura tunazowavalisha watu wetu tunazitoa wapi.

Asubuhi ile nilipakiwa kwenye baiskeli natoka kijijini kwenda kwenye simu. Barabarani nilimwona mzee amesimama mlangoni kwake, nyumba inayotazama barabara ya Murongo. Alikuwa ameegemea mkongojo, mguu wa kushoto umepinda gotini. Akaninyanyulia mkono, nami nikamnyanyulia. Basi. Saa chache baadaye nimeshika simu dukani, nikasoma: mkulima mmoja mzee anayetembea kwa mkongojo, ambaye malori yote ya Murongo hupita mbele ya mlango wake, alimwambia Mwandishi Wetu kwamba lori hilo si geni kwake. Mchapaji akasema hiyo imekaa vizuri. Nami niliona imekaa vizuri.

Mtu wangu wa kweli hakuwa na mkongojo. Hapo ndipo ninapoishia kumwelezea. Sitasema anatembeaje wala anakaa wapi, na safari hii sitamtungia mguu.

Gazeti lilifika kijijini siku ya tatu, likiwa limefungiwa sabuni. Mtu akalikunjua akalisoma kwa sauti. Habari yenyewe haikuwa na jina langu, iliandikwa Na Mwandishi Wetu, Karagwe, kama tulivyokuwa tunafanya kwenye habari za hatari, na mahabusu nililazwa Bukoba, mbali na kwetu, kwa hiyo hakuna kijijini aliyejua ni mtoto wao. Walichotaka kujua ni nani aliyesema. Wakaitafakari barabara ya Murongo nyumba hadi nyumba. Mwenye mkongojo alikuwa mmoja tu.

Aliitwa Eliasi. Jina lake nililijua baadaye, maana mimi nilikulia shule za bweni. Kwetu mtu mzima unamwita Ta, baba, kwa hiyo alikuwa Ta Eliasi, na mkewe ni Ma Yustina. Mguu aliuvunja ujanani akishusha gunia la kahawa, ukaunga vibaya.

Hawakumpiga. Wangempiga ingekuwa ya siku moja. Walimtenga. Akifika penye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kata ya kunywea inampita. Akisalimia, watu wanatazama mvua inakotokea. Wake wa majirani hawakumpa Ma Yustina hata kaa la moto, na watoto walikatazwa kumwamkia. Migomba yao ya mbele ikakatwa ikiwa na mikungu michanga. Ta Eliasi aliapa kwa Biblia, aliapa kwa watoto wake, akaenda kwa katekista, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu walisema gazeti haliwezi kuuona mkongojo ambao haupo.

Krismasi ya mwaka ule nilikuja nyumbani. Mama yangu, Koleta, akanipakulia ndizi na maharage, akaniambia kwa furaha, "Tumempata aliyetuchongea kahawa yetu ikakamatwa. Yule kilema wa barabarani." Nikasema, "Kweli?" Nikaendelea kula.

Nikaendelea kula, ndiyo.

Nilijipa sababu. Nikisema si yeye, watauliza basi ni nani, na waliojua siku ya lori walikuwa wachache sana. Wangemfikia mtu wangu kabla ya jua kuzama, na mimi niliapa. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine. Kwa habari ile nilikuwa nimepandishwa, ninahamia Mwanza, watu wananijua. Nisingeweza kumwambia mhariri kwamba mkongojo niliuokota njiani. Kwa hiyo nikauacha kwa mwenyewe.

Ta Eliasi aliishi hivyo miaka, kisha akafa. Sasa hapa lazima nieleze jambo kwa asiye wa kwetu. Kwetu mtu akifa hakuna kulima mpaka azikwe. Mvua inaweza kuwa imenyesha na mbegu zinaozea ndani, jembe linalala. Hata kama marehemu mligombana mpaka mahakamani, humpendi na kumlilia humlilii, lakini hulimi. Ndiyo heshima ya mwisho ambayo mtu hanyimwi.

Siku ya kumzika Ta Eliasi, watu walilima. Kilima kizima, tangu asubuhi. Kaburi lilichimbwa na vibarua watatu wenye asili ya Burundi waliokuwa wanapalilia kahawa ya mtu, ambao hawakuujua ugomvi wetu na walishangaa mno. Katekista aliniambia alisoma sala huku akisikia majembe.

Mama yangu naye alilima. Aliniambia mwenyewe. Amekufa bila kujua kwamba Mwandishi Wetu alikuwa ni mimi.

Niliporudi hapa kustaafu nilijenga kwenye kiwanja cha baba, na kutoka barazani hapa, ng'ambo ya bonde, naiona nyumba ya Ma Yustina. Miaka mitatu nimeitazama. Wanawe walishahamia mbali, anaishi peke yake. Kutengwa kwake hakuna tena anayekusimamia, waliokuanzisha wengi wamekufa, kumebaki kuwa mazoea tu. Watu wanampita hivyo hivyo, wengine hawajui hata kwa nini. Kanisani anakaa benchi la nyuma kabisa, na lile benchi hukaa yeye tu.

Ijumaa asubuhi, baada ya ile hapana yangu, nikashuka bondeni nikapanda kwake.

Nilimkuta anamenya ndizi kizingitini. "Shikamoo, Ma," nikasema. Akanitazama kwanza kuhakikisha kwamba nasema naye. "Marahaba, mwana wa Koleta. Umepotea njia?" Akanipa kigoda, akaniletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama anavyopokewa mgeni. Sijui alikuwa anaziweka kwa ajili ya nani. Mbele ya nyumba kuna mgomba wenye mkungu mzito, na kilichouegemeza usianguke ni mkongojo wa Ta Eliasi. Niliutambua.

Nikamwambia yote, isipokuwa jina. Nilisema haraka, maana nilijua nikipumzika nitaondoka.

Hakuacha kumenya. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine. Kisha akakivuta kile kikapu cha kahawa akakiweka upande wake.

"Kwa hiyo Eliasi hakusema," akasema.

"Hakusema, Ma. Sikuwahi kuongea naye hata neno moja. Aliniinulia mkono tu."

"Mimi nilimwuliza," akasema. "Kila siku nilimwuliza. Nikamwambia mimi ni mkeo, niambie mimi. Akaniapia. Sikumwamini. Gazeti lilikuwa limeandika." Hapo ndipo kisu kiliposimama. "Amekufa sijamwamini. Siku zake za mwisho nilikuwa namlisha, nanyamaza. Namlisha, nanyamaza."

Nimeripoti vifo vingi, na ajali, na watu wakilia mbele ya nyumba zilizochomwa. Siku zote nilikuwa na kalamu mkononi, na kalamu inasaidia. Ijumaa sikuwa na kalamu. Nililia, mtu mzima, mbele ya mwanamke ambaye hakuwa analia.

Hakuniuliza mtu wangu ni nani. Nilijitetea kabla, nikasema jina siwezi, niliapa. Akasema, "Sikulitaka. Lingenisaidia nini sasa?" Nikamwuliza basi nimfanyie nini. Ana umri mkubwa, kifua kinamsumbua tangu masika, anapanga maneno yake kwa pumzi.

"Usiniandike," akasema. "Usije na watu wa picha. Mimi nataka siku yangu wasilime."

Ni hilo tu aliloomba.

Jana, Jumamosi, nikaenda kwa mtu wangu. Ni mtu wa heshima siku hizi, sote tumezeeka. Nilimwomba anifungue kiapo. Nilimwambia watu hawana tena hasira ya kahawa ile, angesimama mwenyewe akasema, angesamehewa, na Ma Yustina angezikwa kama mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Uliniapia."

"Niliapa."

"Basi kaa kimya kama ulivyokaa. Yule kijana aliyetoka gerezani akafa, nduguye yupo hapa hapa. Mimi nina wajukuu. Unataka nao wapitwe na kata?" Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, na alilisema akiangalia chini. "Siku ya Eliasi mimi nililima wa kwanza. Ningefanyaje? Nisingelima wangeniuliza kwa nini."

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Yeye alilima, mimi nilikula ndizi.

Njiani kurudi nikaona njia moja tu iliyobaki. Ningesema tu kwamba si Ta Eliasi, wangeanza kumtafuta mwingine, na tungeanza upya na mzee mwingine. Kwa hiyo ilibidi asiwepo mwingine. Ilibidi hapo palipokuwa na mtu pasiwe na mtu kabisa.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nikamwomba katekista nafasi kwenye matangazo. Akauliza ni tangazo gani. Nikamwambia la msiba wa zamani. Akanikazia macho, akaniandika wa mwisho.

Nilisimama mbele. Nikasema: Mwandishi Wetu aliyeandika habari ya lori la kahawa ni mimi, mwana wa Koleta. Nikasema: hakuna mtu wa kijiji hiki aliyenieleza chochote. Lori nililiona mwenyewe. Mkulima mwenye mkongojo nilimtunga ili habari yangu ipendeze, na sura yake niliichukua kwa Ta Eliasi nilipompita barabarani. Hakuwahi kuongea nami. Alizikwa huku tunalima, na hakuwa na kosa lolote.

Watu wakageuka kumtazama Ma Yustina kule nyuma. Hata watoto.

Akasimama nduguye yule kijana aliyekufa. Ni mtu wa makamo sasa. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku ya lori uliijuaje, kama hukuambiwa?"

Nikamjibu kwamba nilikaa Murongo wiki mbili, kwenye kibanda cha chai karibu na daraja, nikiandika namba za magari mpaka nikaijua ratiba yao. Nikamtajia hata rangi ya kikombe. Nilitunga tena, mbele ya altare, kwa ufundi ule ule, na wakaniamini tena. Yule bwana akaketi. Akasema akiwa ameketi, "Kwa hiyo ulikuwa unatuchungulia sisi wenyewe."

Halafu mtu mmoja akanyanyuka kwenye benchi lake, akatembea hadi nyuma kabisa alikokaa Ma Yustina peke yake. Akainama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, wote tukasikia, "Utusamehe, dada. Mwandishi alitudanganya sote."

Alikuwa ni yeye. Mtu wangu.

Nilimwona tangu nilipoanza kusema, alivyokuwa ameshika ukingo wa benchi, na alivyouachia nilipofika kwenye neno nilimtunga. Sijui alichokifanya pale nyuma kilikuwa ni toba au kujificha vizuri zaidi. Pengine hata yeye hajui. Watu wakamfuata. Wakapanga mstari, wanawake kwa wanaume, wakamshika mkono mmoja mmoja, na wale wadogo wakamwamkia. Shikamoo, Ma. Shikamoo, Ma. Yeye anaitikia tu marahaba, marahaba, mpaka sauti ikakauka. Mimi nilibaki mbele na hakuna aliyenitazama.

Nje nilisimama chini ya paa nikisubiri manyunyu yapungue. Watu walipita. Mzee mmoja rafiki ya marehemu baba alitema mate karibu na kiatu changu, kwa makusudi au kwa bahati. Ma Yustina ndiye aliyesimama.

"Wengi wamenishika mkono leo," akasema. "Mmoja alikuwa anatetemeka."

Macho niliyaweka kwenye matope. Kumficha mtu nakujua vizuri, ni kazi yangu ya miaka yote.

Kisha akasema, "Basi hata huyo asilime." Akaenda zake taratibu, na mwanamke mmoja akamfuata na mwavuli.

Saa nane mchana Editha akapiga simu. Habari hazikawii, kuna mtu alinirekodi. Katibu wa klabu alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba tutahitaji kuzungumza kuhusu cheti. Editha sauti yake ilikuwa nyembamba. Akasema, "Mzee, wanasema umekiri kwamba ulitunga chanzo. Ile habari ya lori. Si kweli, eti?"

Nilimsikia anavyotaka niseme si kweli. Ndiye huyu aliyeandika hapana akaweka nukta. Nilimfundisha mwenyewe, mwezi uliopita tu, hapa hapa barazani, kwamba mtu anayetunga chanzo hana kazi na habari.

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia na lile swali lake la Alhamisi alifute jibu, jibu ni ndiyo, nimewahi. Nikasikia mvua ya upande wake kwenye bati.

"Nikuandike?" akauliza.

"Niandike. Weka majina yangu yote, matatu. Usiandike chanzo kimoja kilisema."

Alilia kidogo, kisha akaanza kuniuliza maswali, na aliyauliza vizuri, moja baada ya jingine, akirudi nyuma pale nilipoteleza. Nilimdanganya kwenye matatu kati ya hayo. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia mbele ya altare, kwa sababu yeye atayaandika akiamini ni kweli, na jina lake litakuwa juu ya habari hiyo. Hilo sijui nitalilipaje.

Mvua imekatika sasa hivi. Ng'ambo ya bonde moshi unatoka jikoni kwa Ma Yustina, na kuna watu wawili wamekaa barazani kwake, nadhani wanawake, mmoja ana kanga nyekundu. Miaka mitatu nimeitazama nyumba ile na sijawahi kuona mgeni pale zaidi ya mimi mwenyewe juzi.

Kesho habari ya Editha itasomwa redioni, na keshokutwa vijana wa klabu watakuwa wananisimulia kwa namna nyingine. Hiyo ni haki yao. Nitaishusha saa yao ukutani nimrudishie katibu pamoja na cheti, kabla hajaona haya kuniomba.

Siku ya Ma Yustina ikifika, nadhani hawatalima. Nimeanza kuamini hivyo tangu nilipoiona ile kanga.

Siku yangu watalima. Kilima kizima, tangu asubuhi, na wa kwanza kushika jembe atakuwa mtu wangu, kama bado yupo, kwa sababu asipolima watamwuliza kwa nini. Alime tu. Nimeshamruhusu.